Simu ya Bi Mize na Namba Zisizokuwa Namba

Tii-tii. Kimya kidogo. Tii-tii-tii.

Ni simu ndogo ya vitufe, imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, inalia juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa mama yangu mkubwa, Chwaka, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Sauti imezibwa na plastiki, utadhani kifaranga kafunikwa bakuli. Nimeshasikia milio mingi katika kazi hii, lakini ule hata leo nikiukumbuka moyo unaniruka, maana ujumbe uliokuwa unaingia ulitakiwa uwe umefika juzi yake, na mtu alikaa baharini akiungoja.

Ntafika huko. Kwanza mniache nianze mwanzo, nyinyi mtakaoikalia meza yangu.

Nasema nimestaafu na nyinyi mnacheka. Chekeni tu. Nina miaka ishirini na saba, na Bi Thureya, mkubwa wangu wa kazi, kanambia neno hilo lina wenyewe, watu wenye fimbo na miwani. Lakini miaka saba ya kukaa kiti kimoja, dirisha moja, na feni moja inayozunguka ikitaka, kama si kustaafu ni nini? Naondoka kwenda Bububu kufungua darasa la wasichana waliotoka skuli kama nilivyotoka mimi, na matokeo ambayo mtu haulizwi mara mbili. Nina kompyuta tatu za zamani, mkeka mkubwa, na ndoto ambazo hazienei chumbani. Kabla sijaenda, nnakuachieni haya.

Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi za Mkunazini nikiwa nimeshika kamba ya ukutani kwa mikono miwili, na bado nilifika juu nahema. Ofisi yenyewe chumba na nusu, ya kuchapia na kuwatengenezea watu programu. Mezani kakaa mama mmoja mwembamba, ushungi kauweka sawa kabisa, anapiga kibodi kwa vidole vyote kumi bila ya kuvitazama. Huyo ndiye Bi Thureya. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Yeye hakubakiwa na mti hata mmoja, alibakiwa na kabati la vitabu na ulimi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Haji Vuai, wa Chwaka."

"Na mamako?"

"Bi Mwanajuma. Mdogo wake Bi Mize, yule wa mwani."

"Ehe. Sasa nshakujua. Kaa."

Nilidhani ni salamu tu, kama ya wazee wote wa kwetu, ambao hawakupi hata maji mpaka wakujue ukoo. Ilinichukua muda kufahamu kuwa swali lile ndiyo kazi yenyewe.

Nilianza kwa kuingiza majina. Mimi nilikuwa karani wa kuchapa: napewa karatasi za wanachama wa ushirika, jina, shehia, namba ya simu, nachapa. Wiki ya kwanza nikamaliza rundo zima kwa furaha, nikawa najiona nshakuwa mtaalamu, nimekaa nafikiria ofisi yangu mwenyewe yenye zulia. Bi Thureya akafungua orodha, akatazama, akavua miwani.

"Zuwena."

"Naam."

"Sifuri za watu umezipeleka wapi?"

Nikatazama. Simu zote zilizokuwa zinaanza na sifuri, sifuri hazipo. Mamia ya watu, hakuna hata mmoja anayepigika.

"Mimi nilizichapa, wallahi!"

"Najua ulizichapa. Kompyuta imeona namba, na sifuri ya mbele ya namba haina kazi, imeitupa. Sasa nambie. Ukichukua simu ya Juma ukajumlisha na simu ya Asha, unapata nini?"

Nikafikiri kwa bidii. "Harusi?"

Alicheka mpaka akashika meza. Ndiyo mara ya kwanza kumuona meno. Kisha akanambia jambo ambalo nataka mliandike ukutani: kitu kuwa kina tarakimu hakukifanyi kuwa namba. Namba ni ile unayoihesabia. Simu huihesabii, kwa hiyo simu ni maandishi, sawasawa na jina la mtu. Hiyo ndiyo aina yake, na aina ndiyo ukoo wake.

Nilizirudisha zile sifuri moja moja. Nilimaliza Alkhamisi.

Baada ya hapo akanifundisha kuandika programu, kidogo kidogo, baina ya kazi na kazi. Vitabuni wanasema kibadilika. Bi Thureya alisema "jina", na mimi nasema hivyo mpaka leo. Unakipa kitu chako jina, namba au maandishi au ndiyo-na-siyo, ili baadaye ulitaje jina ukipate kitu. Akasema zipo lugha za programu zenye roho ya afisa wa bandarini. Mwanzo kabisa unaandikisha: jina hili litachukua namba tu. Ukija na maandishi unarudishwa hapo hapo, tena kwa ukali. Lakini JavaScript, hii tunayotumia siye kwa kurasa zetu, haiko hivyo.

"Hii ina adabu ya kupindukia," alisema. "Kama nyumba ya watu siku ya Idi. Akija yeyote, karibu, kaa. Jina lilelile asubuhi lina namba, mchana lina maandishi, nayo haisemi kitu. Na ukiiamrisha jambo lisilo na maana haikwambii hapana. Inaona haya. Inakisia ulichotaka, inakufanyia, halafu inanyamaza."

"Si vizuri hivyo?"

"Vizuri sana, mpaka siku itakayokisia vibaya."

Akanionyesha. Ukiwa na kumi iliyo maandishi na tatu iliyo namba, ukasema toa, lugha inajua maandishi hayatoleki, basi inayageuza kuwa namba kimya kimya na kukupa saba. Lakini ukisema jumlisha, maandishi yanaunganishika, basi inaigeuza ile tatu kuwa maandishi na kuibandika pembeni: mia na tatu. Na dawa yake ni kuuliza. Iko amri, herufi sita tu, unaiweka mbele ya jina nayo inakwambia aina ya kilichomo. Bi Thureya aliiita "mtoto wa nani wewe". Mimi niliyaandika yote daftarini kwa kalamu nyekundu. Na kuandika daftarini, wenzangu, siko kujua.

Kuna kituo kimoja cha matibabu nisichokitaja kilichotaka kupanga foleni kwa kompyuta. Nilikuwa nshapandishwa kidogo kwa ujuzi, nikasaidia. Asubuhi ya kwanza programu ikamwita wa kwanza, kisha wa kumi, kisha wa kumi na moja. Mzee mmoja akasimama na karatasi yake hewani: "Mimi wa pili tangu alfajiri! Huyu wa kumi kanipita kwa mlango gani?" Namba za foleni zilikuwa maandishi, na maandishi yanapangwa kama kamusi, kumi inaanza na moja, basi iko mbele ya mbili. Tulirekebisha kabla ya chai. Yule mzee alinisamehe kwa sharti nimtafutie kiti chenye mto. Nikamtafutia.

Basi miaka ikaenda, mengine nayaruka, mpaka nikafika kwenye kazi ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuwa yangu mwenyewe tokea herufi ya kwanza.

Mama Mkubwa, Bi Mize, analima mwani kule kwetu. Shamba lake liko mbali kuliko ya wenzake, alilichagua mwenyewe zamani alipokuwa na miguu ya kukimbilia. Sasa macho yake yameingia ukungu. Anaviona vijiti vyake vya shamba kwa kuvishika, kamba anaijua kwa vidole, kazi anaifanya vizuri kuliko wengi wenye macho. Asichokiona ni maji yanapoanza kujaa. Wenzake wakinyanyuka kurudi yeye hawaoni, na upepo unachukua sauti zao. Bi Mosi, mwenyekiti wa kikundi chao, alikuwa anampelekea mtu kila siku wa kwenda kumshika mkono, na Mama Mkubwa alikuwa anagomba kila siku.

"Mimi si mtoto wa chuo cha Kurani wa kufuatwa!"

"Basi kaa nyumbani ufunge mbegu kwenye kamba, Mize. Kazi ya kivulini ile."

"Kivulini kaa wewe."

Niliposikia, kichwa changu kikaanza kuruka. Nikaona programu nzima mbele ya macho kama picha! Bi Mosi ana simu kubwa. Kila asubuhi ya maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali, anafungua ukurasa na kuandika saa ambayo wanawake watageuka kurudi, saa kwenye kisanduku kimoja na dakika kwenye kingine. Programu inapunguza dakika arubaini, kwa sababu Mama Mkubwa anakwenda pole pole na njia yake ndefu, halafu inampelekea ujumbe kwenye simu yake ndogo aliyoivaa shingoni. Simu ikilia anageuka, peke yake, hakushikwa mkono na mtu.

Bi Mosi alinisikiliza mpaka mwisho. "Bamvua moja," alisema. "Nakupa bamvua moja. Ikikosea, Mize hashuki tena pwani, na wewe ndiye utakayemwambia."

Nikaiandika kwa wiki mbili, nafurahi kama naandika barua ya mchumba. Jambo moja tu lilihitaji akili: saa. Siye tunaanza kuhesabu siku na jua, kompyuta inaanza usiku wa manane. Saa yetu tano asubuhi kwa kompyuta ni kumi na moja. Kwa hiyo chukua saa aliyoandika Bi Mosi, jumlisha sita. Nikajaribu: tano na sita, kumi na moja. Saba na sita, kumi na tatu. Safi kabisa! Kupunguza zile arubaini nako safi. Nikampelekea Bi Mosi ukurasa wake, nikakaa Mkunazini nangoja kusifiwa.

Siku ya kwanza ya bamvua, adhuhuri, simu yangu ikalia.

"Zuwena?"

"Naam, Bi Mosi. Shikamoo."

"Marahaba. Mamako mkubwa mzima. Nalisema hilo mwanzo ili usije ukaanguka."

"Kwani kumezidi nini?"

"Simu yako haikulia."

Asubuhi aliandika saa tano na nusu, kama nilivyomwelekeza. Ujumbe ulitakiwa kutoka saa tano kasoro dakika kumi. Haukutoka. Wanawake wakageuka kwa saa yao, wakijua Mize kaitwa mapema na yuko nyumbani anakunywa chai. Kufika mchangani hayupo. Bi Mosi akatazama nyuma, akamuona, kidoa tu. Wakarudi watatu mbio ndani ya maji. Walimkuta yamemfika kifuani, kasimama pembeni ya shamba lake, simu kainyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili isirowe.

"Tukamwambia, Mize, twende! Unajua katujibu nini? 'Haijalia bado.'"

Bi Thureya aliniona uso wangu, akaninyang'anya simu, akaaga kwa niaba yangu, na akaniambia: "Nenda kwenu. Kompyuta ichukue."

Nilifika Chwaka nimejitayarisha kutukanwa. Mama Mkubwa alikuwa kakaa juu ya mkeka, nguo kavu, anapepeta mchele.

"Nisamehe, Mama Mkubwa."

"Umekula?"

"Nshakula."

"Uwongo. Kaa ule."

Siku ya pili nzima nilikaa na programu yangu uani. Naandika ndani yake tano, inanipa kumi na moja. Nasoma mstari kwa mstari, mwema kama malaika. Hakuna kauli ya kipumbavu katika kazi hii kama "kwangu inafanya kazi," na mimi niliisema siku ile mara kumi, nikawa naisema kwa kuku maana watu wote walikuwa wamenikimbia. Bi Mosi akapita jioni, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Ushamwambia?"

"Bado, Bi Mosi."

"Mwambie."

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nimeyapanga maneno ya kumwambia, nimeshafungua mdomo. Ndipo juu ya kabati la vyombo: tii-tii. Tii-tii-tii.

Mama Mkubwa akanyanyua kichwa, uso wote ukawaka. "Hiyo! Imekuja! Si nilikwambia itakuja?"

Nikairarua ile mifuko ya plastiki. *Bi Mize, geuka, rudi nchi kavu.* Yeye yuko jikoni kwake, mkono una unga. Bi Mosi, ambaye nyumba yake imepakana ukuta, alishafika dirishani.

"Imekuja kesho kutwa yake," alisema. "Ungekuwa ushafika Pemba kwa kuelea."

Lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa nshachukua karatasi ya pakiti ya unga, naandika. Ujumbe haukupotea! Ulikuwa na saa yake, na saa yake ilikuwa sasa. Kompyuta inaanza usiku wa manane wa siku ya kwanza: masaa ishirini na nne mpaka usiku uliofuata, mengine ishirini na nne mpaka wa leo, manane mpaka sasa, toa dakika kumi. Hamsini na sita kasoro dakika kumi. Zile dakika kumi ziko sawasawa kabisa, ni nusu saa yake kutolewa arubaini. Kilichoharibika ni saa peke yake. Nimesema saa kumi na moja, imefahamu saa ya hamsini na sita.

Hamsini na sita. Nikaitazama ilivyoandikwa kwa tarakimu. Tano. Na pembeni yake, sita.

Nilipiga ukelele kuku wakaruka ukuta.

Nikampigia Bi Thureya nahema. "Bi, imeandika hamsini na sita!"

"Ile tano umeipata wapi?"

"Kaiandika Bi Mosi kwenye kisanduku cha ukurasa."

"Na wewe ulipojaribu?"

"Niliiandika mwenyewe ndani ya programu."

"Yako ilikuwa namba, Zuwena. Kila kinachochapwa na mtu kwenye kisanduku kinaingia ni maandishi, hata akichapa tano mara mia. Uliiuliza mtoto wa nani?"

"Sikuiuliza, Bi."

"Ikawa imeingia, imekaa, imekula, imelala. Na lugha yetu ikaona haya kukwambia. Haya, kaiulize."

Nimekuelezeni kwa urefu kwa sababu nyote mtaifanya. Kutoa kulifanya kazi, kwa hiyo dakika zikaniaminisha kuwa kila kitu ni namba. Kujumlisha kukabandika. Na kompyuta ilipopewa saa ya hamsini na sita haikushangaa kuwa siku haina saa hizo. Kwa adabu ileile ikahesabu mbele mpaka ikaifikia. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na mimi sikuweka hata maneno ya kumthibitishia Bi Mosi, "ujumbe utatoka leo saa fulani." Wekeni. Jamani, wekeni.

Nilirekebisha kwa neno moja, la kuyageuza yale maandishi kuwa namba pale pale mlangoni kabla hayajakaa, nikaongeza mistari michache ya kukataa yasiyo na maana na ya kumthibitishia mtu saa. Nikamwita Bi Mosi dirishani.

"Nshapata! Nipe leo tena."

"Tulisema bamvua moja."

"Na bamvua haijesha," akasema Mama Mkubwa bila ya kugeuka. "Imebaki siku mbili nzima."

Bi Mosi akamtazama mgongo. Nadhani alikuwa anampenda kuliko alivyotaka ijulikane. Akaingia, akakaa mkekani, akanyoosha mkono. "Lete hiyo. Leo hashuki mtu, leo naijaribu mimi."

Wenzangu, nimeshafanya kazi na watu waliosoma, lakini mjaribu wa programu kama Bi Mosi sijamuona. Akaandika *tano* kwa herufi. Programu ikamjibu: *Andika saa kwa namba.*

"Ala! Inanijibu?"

"Nimeifundisha kukataa."

Akaandika kumi na tano. *Saa haizidi kumi na mbili.* Akacheka kidogo, akauma kanga. Akaandika tano, ikamjibu: *Ujumbe utatoka leo saa nne na dakika ishirini.* Akanitazama kwa pembe ya jicho. Kisha akafuta kila kitu kwenye kisanduku cha saa, akakiacha kitupu, akabonyeza.

Ikakubali.

"Mimi sikuandika kitu," alisema pole pole, "nayo imesema sawa. Imekubali nini?"

Nikauliza, safari hii niliuliza kabla ya kitu chochote. Patupu, ukipageuza kuwa namba kwa lile neno langu la kugeuzia, lugha yetu inakupa sifuri. Hata patupu panakaribishwa ndani na kupewa kiti! Ikawa saa sifuri, na sita, alfajiri. Kama Bi Mosi siku moja angesahau kuandika saa, ujumbe ungepangiwa saa ya kabla jua halijachomoza, saa iliyokwisha kupita, na Mama Mkubwa angengoja tena.

"Bi Mosi," nilisema, "umemuokoa mtu."

"Nimeokoa wangapi sasa? Rekebisha."

Nikarekebisha. Akaijaribu tena kwa nafasi tupu, kwa nukta, kwa jina la mumewe. Akaijaribu mpaka adhana ya alasiri, na ilipokataa vyote alivyotaka ikatae, akainuka, akapangusa nguo.

"Kesho," alisema. "Wanawake wanageuka saa saba na nusu. Mize ataondoka nasi, kila mtu shamba lake, hatomtazama mtu. Wewe utakaa mchangani na simu yako. Ukifika wakati simu yake isipolia, unampigia arudi. Lakini ukimpigia wewe, basi. Si programu iliyomrudisha, ni wewe, na kazi yake ya bahari imekwisha. Tumefahamiana?"

"Tumefahamiana."

"Mize?"

"Mimi nimefahamu kabla yako," alisema Mama Mkubwa.

Kesho yake walishuka. Mama Mkubwa aliifunga simu kwenye plastiki mpya na kuitia shingoni, akanambia nisisahau kula, akaenda zake nyuma ya wenzake, na fimbo yake ya kupapasia, akibaki nyuma zaidi na zaidi mpaka njia yao ikawa mbalimbali. Bi Mosi aliandika saa mbele yangu. *Ujumbe utatoka leo saa saba kasoro dakika kumi.* Kisha naye akaenda.

Nikabaki peke yangu mchangani. Jua la utosi. Sikujua saa moja ina dakika nyingi hivyo. Niliichapa namba ya Mama Mkubwa kwenye simu yangu, tarakimu zote, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kupigia bila ya kukibonyeza, nikawa nakiangalia kile kidoa chekundu, ndiyo kanga yake, kule mbali kabisa, kimeinama.

Saa saba kasoro dakika kumi.

Kidoa kimeinama vilevile.

Mtandao wa Chwaka una njia zake, nilijiambia. Ujumbe hautoki hapa ukafika hapo kama jiwe. Kule mbali, nyuma ya mashamba, mstari mweupe wa maji ulikuwa umeshaanza kurudi. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe, na nilijua vitu viwili kwa wakati mmoja: nikibonyeza atarudi salama na hatoshuka tena maisha yake; nisipobonyeza, na mimi nikawa nimekosea tena, atasimama pale akinyanyua simu juu ya kichwa. Nikahesabu. Kasoro tisa. Nikajiambia, ikifika kasoro nane, nabonyeza.

Kidoa kikanyooka.

Kikasimama kidogo, kama mtu anayetia mkono kifuani na kusikiliza. Kisha kikainama kuokota kitu, bila shaka kapu, kwa sababu Mama Mkubwa hawezi kuacha kapu hata kwa malaika, na kikageuka. Uso wake ulikuwa unaelekea nchi kavu. Hakuna aliyemwita. Wenzake walikuwa bado wameinama kwenye mashamba yao, na hata mmoja hakunyanyua kichwa.

Nilitaka kukimbia nikampokee. Miguu ilishatangulia hatua mbili kwenye mchanga mbichi. Nikairudisha. Nikaifuta namba yake kwenye simu yangu, tarakimu moja baada ya moja, mpaka kioo kikawa kitupu, nikaizima, na nikakaa chini mchangani nikamwacha aje.